Pumzi Kabla ya Ubeti wa Pili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua. Wiki ndiyo kwanza inaanza na nimeshachoka. Kikao asubuhi. Nathaniel, meneja wetu, anasema majaribio ya redio ya kidijitali yamekwenda vizuri mno, kila mtu anataka kuingia. Chaneli tisa tunagawana bomba moja la kurushia matangazo, sasa zinaongezwa mbili — moja ya mahubiri, moja ya kubeti. Bomba lenyewe halipanuki! Kwa hiyo tubanwe wote. Sisi tutoke kilobiti 64 kwa sekunde tushuke 32. Fundi sauti atie sahihi kwamba usikivu unaridhisha. Fundi sauti ni mimi.

Nikasema hata hiyo 64 imeshaharibu. Mtambo unabana sauti kwa kutupa kile unachodhani sikio halitakihitaji. Nikawatajia mkanda wangu. Wote wakainamia simu zao.

Jumatano, 5 Machi

Mkanda ni wa mwaka 1999. Nilimrekodi Akinyi, mke wangu, akiongoza kwaya. Kabla ya ubeti wa pili anavuta pumzi. Pumzi tu, hata sekunde haifiki. Tangu siku hiyo kila spika, kila mikrofoni, nimeipima kwa pumzi hiyo. Isiposikika, kifaa hakifai. Na tangu operesheni ya goita Akinyi haimbi tena, amebaki na mkwaruzo. Sauti yake imo humo tu.

Kwenye 64 pumzi haipo. Nimewaandikia mafundi wa Dar wanaoendesha mtambo barua kali, pamoja na nakala ya mkanda. Akinyi kaisoma, kacheka. Eti Baba Okwach, mtu mzima unagombana na watu kwa sababu ya kuhema kwangu? Chai imechemka mpaka ikamwagikia jiko nami nimekaa pale pale. Sikusikia mfuniko. Nilikuwa nimezama kwenye barua.

Jumamosi, 8 Machi

Jibu limekuja. Mhandisi mmoja anaitwa Luhende, mstaarabu, kaanza na shikamoo. Kapima, kaambatanisha mchoro. Pumzi ipo kwenye 64. Ndogo, lakini ipo. Nakala kwa Nathaniel!

Nikamwita Favour, mtangazaji wetu wa salamu. Nikamwambia ukisikia mwimbaji anavuta pumzi, inua kidole. Kwenye 64 kainua. Kwenye mkanda wenyewe kainua. Mimi hata kwenye mkanda wenyewe sikusikia kitu.

Mkanda wenyewe!

Sijui ni tangu lini. Labda miaka. Nilikuwa naikumbuka, nikidhani naisikia. Nimeurudisha mkanda kwenye kasha lake.

Jumanne, 11 Machi

Daktari wa masikio: zile sauti nyembamba zimekwenda, hazirudi. Nimemwambia Akinyi. Kumbe alijua. Tangu Krismasi kila neno ananirudia mara mbili, anasema, na koo lenyewe ndilo hili. Tukacheka. Kisha nikalia, naye akasogeza kiti.

Nathaniel kanipa fomu ya 32. Kauliza kwa upole, ambao ni mbaya kuliko ukali: mzee Ogweno, masikio ya kuipimia hii ndiyo yale yale ya barua? Nimelalamika bure kwenye 64. Kwenye 32 nani atanisikiliza?

Alhamisi, 13 Machi

Favour kaisikiliza 32 mara nne. Kidole hakikuinuka hata mara moja. "Safari hii wameikata kweli, mzee." Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi na anayeuongeza ni Nathaniel. Sikumwomba kitu. Nimelala mapema.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa chumba cha mitambo. Fomu sikutia sahihi. Nimemwambia Nathaniel ukweli: mimi sisikii, siwezi kuandika inaridhisha wala hairidhishi, tafuta mwenye masikio. Nimelisema hilo na bado nimesimama, nashangaa. Akamwita Favour.

Akinyi katoka nyumbani Mkolani na chakula changu, kakaa pembeni yangu. Tunawaona kupitia kioo. Favour kavaa hedifoni, mkono kauweka mezani. Kaambiwa ainue kidole akisikia. Nathaniel kasimama nyuma yake na fomu. Wimbo unatoka na huku kwetu, ule ule wa 32. Ubeti wa kwanza unaisha.

Akinyi kavuta pumzi. Mabega yamepanda, pale pale, bila mwenyewe kujua. Nimeiona!

Kidole cha Favour kiko mezani.

Nathaniel karudisha mwanzo. Akinyi kavuta tena, mahali pale pale. Namtazama yeye, nasahau kioo. Nikigeuka, kidole bado kiko mezani na Favour anatikisa kichwa.

Sasa Nathaniel kamvua hedifoni. Kamwekea mbele fomu ile ile inayosema usikivu unaridhisha. Anamfungulia kalamu.