Tone la Kijani Kwenye Injini ya Bungoma

Shangazi Beth, pokea salamu kutoka Kibomet, Kitale, nakuandikia nikiwa na aibu, kwa hivyo tafadhali nisome polepole. Mimi ni fundi wa magari, naitwa Ngige, na mwaka jana mteja aliniachia gazeti la magari nikasoma kwamba Toyota, Peugeot na Citroën wameunda gari dogo pamoja, kiwanda kimoja, chini karibu kila kitu ni kimoja, lakini kila kampuni ikalivika uso wake na jina lake, na mimi niliyelelewa na wazee waliobishana Peugeot ama Toyota hadi chai ikapoa, niliipenda sana hiyo akili. Nikampelekea Naim, fundi wa Bungoma mjini, tukapatana nifanye injini za wateja wetu wote, yeye afanye giaboksi zote, kisha kila mtu amalizie gari kwa mkono wake, mimi nawainulia springi wakulima wa Ndalu wanaobeba mahindi kwenye tope, yeye analituliza gari mpaka ndani mnaongea kwa sauti ya msikitini. Sijawahi kuona mikono kama ya Naim, na kazi yangu mwenyewe ikawa bora.

Shida ni rangi. Nikishakaza nati naitia tone la kijani, Naim hutia njano, ndivyo watu wanavyotujua, na tulikubaliana injini za Bungoma niziache bila rangi ili azikague atie njano yake. Mwezi uliopita nikatia kijani injini ya Mwalimu Nekoye, mteja wa Naim, nikamwambia Naim nilisahau. Sikusahau, Shangazi. Nilitaka watu wajue nani aliifanya. Mwalimu akafungua boneti mbele ya watu akamwambia Naim, "Kumbe hii ni ya Ngige? Si ungeniambia wewe ni dalali tu, bana." Tangu siku hiyo Naim hashiki simu yangu, na naogopa nimempoteza. Nifanye nini?

Ngige,

Nimekusoma polepole, na hasira ikanipanda polepole vilevile. Uliona gari moja lenye nyuso tatu ukashangilia, kisha ukaenda kumbandika mwenzako uso wako. Hata hivyo nakusifu. Mafundi ninaowajua hawaazimani hata spana, na nyinyi wawili mliazimana mikono. Kitu kama hicho hakiachwi kife kwa tone la rangi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Injini yako ni nzuri, sasa ulikuwa unaitembeza ya nini? Gari likipanda mlima bila kukohoa, Naim anajua ni wewe. Hiyo haikutoshi?

Acha simu. Nenda Bungoma mwenyewe, si Ijumaa adhuhuri, na neno la kwanza likutoke hivi: "Sikusahau." Usilipake sukari. Kisha mwende wote kwa Mwalimu Nekoye, umwambie kwa kinywa chako kwamba giaboksi ni ya Naim, ule utulivu anaoupenda ni wa Naim, na aliyemwamini hakuwa dalali. Futa kijani chako kwa kitambaa na petroli, nati moja moja, wote wawili wakiona.

Beba pia kopo la rangi ya njano. Lakini usipake wewe. Mpe Naim brashi, wewe umshikie kopo.

Shangazi Beth