Meno Mapya, Nyumba Kuukuu

Mbagala, 6 Julai 2025

Mume wangu Twaha,

Pokea salamu za mkeo wa kwanza, ambaye bado hujampa talaka. Mimi mzima. Goti la kushoto linanisumbua nikiinuka, lakini ulimi uko salama kama unavyousoma. Wewe hujambo? Joto la huko Maskati limepungua au bado mnachomwa? Unakula? Usinijibu "nakula vizuri", nataka kujua unakula nini. Naandika kwa sababu meseji za sauti siziwezi. Nikibonya naanza na salamu, na kidole kinachoka kabla sijafika kwenye habari.

Habari yenyewe ni tipa. Wiki iliyopita Fakihi, dereva wetu, alikuwa anatoka Vikindu na mchanga. Alipofika Kongowe gari likaanza kulia nyuma, kwanza kwa mbali, halafu chuma kikawa kinasaga chuma, likasimama. Limevutwa mpaka gereji ya fundi Adelard hapa Rangi Tatu. Amefungua, anasema difu limekufa.

Sasa mimi hilo neno difu nalisikia tangu babu yako yuko hai na sikuwahi kuuliza ni kitu gani. Safari hii nikauliza. Ni lile tumbo la duara katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani mna gia mbili, moja kubwa upana wa sinia, na nyingine ndogo inayoizungusha. Meno yamemeguka kwenye zote mbili, kubwa na ndogo, kama mdomo wa mzee Kombo.

Kuna njia mbili. Tununue hizo gia mbili mpya za kiwandani, tuzifunge kwenye nyumba yake ile ile ya zamani, yaani kile chuma kinachozishika. Au tununue difu zima lililofufuliwa. Kuna dada mmoja anaitwa Benedicta anayauza Tandika. Wanachukua difu bovu, wanalivua lote, kilicholika wanakijaza na kukichonga upya, kilichokufa wanakitupa, wanafunga na kulipima, wanauza. Wewe unawaachia bovu lako, nao walifufue kwa ajili ya mtu mwingine.

Baba yako mkubwa Jabiri naye ana yake. Alikuja juzi kutoka Kigamboni, hata chai haikupoa. Anasema mwisho wa Agosti kama tipa halijarudi barabarani analeta mnunuzi, na mimi nihamie kwake. Unajua kadi ya gari bado ina jina la babu yako na Jabiri ndiye msimamizi wa mirathi, kwa hiyo akiamua anaweza. Chumba changu kishapakwa rangi. Simlaumu, mwanangu ananipenda. Lakini Twaha, Kigamboni nitafanya nini? Nitakaa sebuleni niulizwe kama nimelala vizuri. Hili gari ndilo linaloniamsha asubuhi, nigombane na Fakihi, nimpigie mwenye mchanga, nijue nipo.

Wewe uko kwenye ghala la spea. Niambie, chuma kikifufuliwa kinasahau kazi ya zamani au bado kinakumbuka?

Bibi yako,
Chausiku

*

Maskati, 9 Julai 2025

Shikamoo mke wangu mpenzi,

Nimeipokea barua yako nikaisoma mara mbili, ya pili nikiwa nacheka. Mimi mzima. Mchana nakula wali na samaki, jioni mkate na maharage ya kopo. Umeridhika? Goti lipake mafuta ya karafuu na uache kubeba ndoo.

Bibi, usinunue kitu Tandika. Kilichofufuliwa ni mtumba ulionawishwa uso. Hujui kilibeba nini, kilizidishiwa mzigo kiasi gani, nani alikichomelea. Hapa ghalani kila siku napokea maboksi kutoka kiwandani, kila kitu kina namba yake, kimefungwa karatasi ya mafuta, hakijaguswa na mtu. Nimetafuta namba ya gari letu, gia zote mbili zipo, na wafanyakazi tunapunguziwa. Nimeshazichukua. Zinakuja na mzigo wa jamaa mmoja wa Temeke, kabla ya tarehe ishirini na tano zitakuwa mkononi mwako.

Zikifika, kaa na fundi. Nakuomba sana. Unawajua, ukigeuka tu mpya yako inakwenda kwa mwingine na wewe unafungiwa ya jana. Weka alama yako uitambue. Usiondoke mpaka amefunga boliti ya mwisho.

Mwaka wa nne huu sijaja nyumbani, na kila mwaka nasema mwakani. Angalau hicho chuma kifike badala yangu.

Mjukuu wako,
Twaha

*

Mbagala, 24 Julai 2025

Mume wangu,

Mungu akuzidishie. Sisi huku wazima, mvua hakuna, vumbi lipo la kutosha kila mtu. Boksi limefika. Watu wawili walilishusha na mimi nikalifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Nilipofunua ile karatasi ya mafuta, majirani wote walisogea kuangalia. Zinang'aa jamani. Nilizishika nikasikia raha, na nikakukumbuka vibaya.

Nikafanya ulivyosema. Nimekaa na fundi siku ya tatu sasa, na kigoda changu na chupa ya chai. Na alama nimeweka. Sikuwa na rangi, nikaazima rangi ya kucha kwa Najma wa mlango wa pili, nyekundu. Nikafikiri, nikipaka pembeni atafuta, nikipaka kwenye meno hataona. Basi nikapaka meno.

Adelard aliponyanyua ile gia kubwa alibaki ameishika tu. "Mama," akasema, "hii umeipaka wewe?"

Nikamwambia ndiyo, ili usinibadilishie.

"Meno ya gia, mama. Rangi ya kucha." Alikasirika kabisa, ametokea Bukoba yule na akikasirika anaongea taratibu. Akatafuta kitambaa na petroli afute. Halafu akasimama, akaniangalia, akaanza kucheka. Akasema hebu tuiache. Kumbe wao wenyewe, kabla ya kufunga difu, hupaka meno kitu cha rangi, wanazungusha, wanaangalia rangi inafutika wapi. Ikifutika katikati ya jino, gia zimeoana. Ikifutika pembeni, hazijaoana, zitalana.

Akazifunga kwenye ile nyumba ya zamani, akazungusha polepole. Nikainama kuangalia, na goti langu hili. Rangi ilibanduka ukingoni tu, kipande kama ukucha wa mtoto. Jino lote lililobaki lina wekundu wake vile vile. Akarekebisha, akaongeza vipande vyembamba vya bati, akazungusha tena. Ukingoni. Mara ya tatu, ukingoni. Anasema nyumba imelika pale beringi zinapokaa, mizigo ya miaka yote imeipindisha. Gia ndogo inakaa upande. Gia zako hazina kosa, ila ndani ya nyumba ile zitamalizika kabla ya mwaka.

Na kitu kingine lazima nikwambie. Nilimuuliza kwa nini liwepo difu, kwa nini nguvu isiende moja kwa moja. Akanyanyua gari la mtu mwingine kwa jeki, nyuma yote hewani, akaniambia zungusha tairi hili. Nikazungusha kwenda mbele. Twaha, la upande wa pili likazunguka kurudi nyuma, lenyewe. Anasema gari likikata kona, tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na difu ndilo linaloyaachia kila moja liende mwendo wake. Nimelizungusha mpaka mwenye gari akaja kuuliza kuna nini. Wewe ulishaliona hilo?

Unasemaje sasa?

Bibi yako,
Chausiku

*

Maskati, 26 Julai 2025

Shikamoo bibi,

Natumaini mzima, mimi pia mzima. Naandika kwa haraka niko kazini.

Huyo fundi anakuchezea. Anataka ununue kwa Benedicta apate chake. Gia ni za kiwanda, namba ni ya gari letu, haiwezekani zisikae. Mwambie azifunge. Akikataa, mtafute fundi mwingine.

Mjukuu wako,
Twaha

*

Mbagala, 2 Agosti 2025

Mume wangu Twaha,

Natumaini barua hii itakukuta na afya, na ukiwa umeshashiba, maana ukiwa na njaa utaisoma kwa ubaya.

Nilimuuliza Adelard wazi wazi, Benedicta anakupa shilingi ngapi ukimpelekea mtu? Akasema, "Ananipa ya soda, mama, sikufichi. Lakini hayo meno uliyapaka wewe." Hata hivyo nilitafuta fundi mwingine kama ulivyosema, kule Charambe. Yeye alikuwa tayari kuzifunga siku ile ile. Nikamuomba azungushe kwanza nione rangi. Akasema mama, hayo mambo ya rangi ni ya vitabuni, gari litazoea. Nikabeba vyombo vyangu.

Basi nikaenda Tandika mwenyewe. Benedicta ni mama wa makamo, anavaa miwani shingoni, anajibu unachouliza. Akanionyesha difu moja la gari kama letu, nikamuuliza lilikuwa la nani, lilibeba nini. Akasema, "Hata mie sijui, mama yangu. Huwa hatujui." Nikapenda kwamba hakutunga. Nikatoa kichupa cha Najma kwenye mkoba. Vijana wake walicheka sana, lakini yeye akawaambia wafungue. Nikapaka mwenyewe, wakazungusha. Rangi ilifutika katikati ya meno, jino baada ya jino, pote pale pale. Nilisimama nikaangalia mpaka Benedicta akaniletea kiti.

Sasa sikiliza, na usikasirike kabla ya kumaliza. Hela ya kulichukua sikuwa nayo, na Agosti imeshaingia. Benedicta akasema atapokea difu letu bovu na zile gia zako mpya, basi tumemalizana. Atazifunga kwenye difu lingine, lenye nyumba nzima. Sikukuuliza. Nilijua ungesema hapana, nami ningekutii, na gari lingeuzwa. Kwa hiyo gia zako zitatembea kwenye gari la mtu tusiyemjua, na sisi tutatembea na za mtu asiyetujua.

Niliumia kuziacha. Nilizifunga tena kwenye ile karatasi yake.

Bibi yako,
Chausiku

*

Mbagala, 12 Agosti 2025

Twaha mjukuu wangu,

Hujambo? Naona alama mbili za bluu, kwa hiyo umesoma. Mimi mzima.

Adelard anasubiri sili moja ya kuzuia mafuta yasivuje, na mafuta ya gia. Difu lenyewe limeshakaa.

Kama umekasirika, kasirika, lakini kasirika kwa maandishi. Huu ukimya sijauzoea. Nimekuwa naangalia simu mpaka nikiwa jikoni.

Bibi

*

Maskati, 18 Agosti 2025

Shikamoo bibi yangu,

Nisamehe kwa kukuweka. Afya ninayo, kilichokosekana ni uungwana.

Nilikasirika, na sikukasirika kwa sababu ya chuma. Miaka minne hii nabeba maboksi ya watu, yanakwenda nchi nisizozijua. Nikasema safari hii boksi moja linakwenda kwetu, litafungwa kwenye gari letu, kila Fakihi akikanyaga mafuta nitakuwepo. Halafu unaniambia umelitoa Tandika. Nilihisi kama umenifungia mlango.

Kisha lile swali lako likawa halinitoki. Eti nilishaliona tairi likirudi nyuma? Bibi, mimi najua namba za gia zaidi ya mia, na sijawahi kuona difu likizunguka. Juzi nilikwenda karakana ya jirani yetu baada ya kazi, nikamuomba fundi mmoja anyanyue lori. Nikazungusha. Likarudi nyuma. Nilicheka peke yangu, yule bwana akadhani nimepigwa na jua. Nikamuuliza pia habari ya gia mpya kwenye nyumba iliyolika. Akanijibu kwa swali: kwani nyumba mliipima? Nikaona aibu, maana hilo sikuwahi kuliwaza. Niliangalia namba tu.

Umefanya vizuri. Nimelisema.

Sasa jambo la haraka. Baba mkubwa ameniandikia. Amesikia gari bado liko gereji, na amepata mnunuzi, anamleta Jumamosi hii, hangoji mwisho wa mwezi. Ananiuliza mimi kama kuna maendeleo. Sijamjibu. Difu linalia au halilii? Litakuwa tayari? Niambie mapema, na kama hapana nimpigie nimbembeleze.

Mjukuu wako anayekupenda,
Twaha

*

Kinyerezi, 23 Agosti 2025

Mume wangu,

Salamu ni zile zile, mzima wa afya, na furaha ya kukusoma imenitosha wiki nzima. Usinifanyie tena ule ukimya.

Sikukujibu mapema kwa sababu hata mimi sikujua. Sili ilipatikana Alhamisi, jana Adelard akatia mafuta na kufunga. Leo asubuhi Fakihi amepakia Vikindu, nami nikapanda mbele pamoja naye. Alinikataza. Nikamwambia nataka kusikiliza. Kutoka Vikindu mpaka hapa nimekaa nimezima redio na nimefungua kioo, na vumbi lote limo kwenye mtandio wangu. Kilima cha kuingia Kinyerezi tulikipanda na mzigo kamili. Halilii. Naogopa kuandika hivyo, lakini halilii. Kila tulipokata kona nilitoa kichwa nje kuangalia tairi la nyuma, na Fakihi anasema watu wanadhani nimetekwa.

Tuko kwenye foleni ya kushusha, mbele yetu yapo malori mawili. Hapa hapa foleni simu ikalia. Jabiri.

"Mama, nipo gereji na mteja. Gari liko wapi?"

Nikamwambia liko Kinyerezi na mchanga.

"Na wewe uko wapi? Nimepita nyumbani pamefungwa."

"Mie si ndo nimekuja nalo."

Nikabana simu sikioni. Niliogopa, nakwambia kweli, maana akisema lirudi, linarudi. Halafu nikamsikia yule mteja kwa mbali anauliza, sasa tuje kesho au vipi? Na nikamsikia mwanangu anamjibu, kwa sauti ya chini ambayo nadhani hakutaka niisikie:

"Hapana, braza. Mwenye gari bado analitumia."

Zamu yetu imefika, naacha hapa.

Bibi yako,
Chausiku