Bangili Chini ya Gia

Baba Tluway, mume wangu,

Umeona? Nimeandika. Ulinicheka nilipoanza darasa la watu wazima, nikirudi na daftari kwapani. "Utaniandikia nini, Mama Tluway, na sisi tunakula chungu kimoja?" Leo nina cha kukuandikia. Mwalimu alitufundisha Kiswahili tu, kwa hiyo maneno yetu ya nyumbani nitayageuza hivyo hivyo. Nikikosea herufi usicheke.

Lori linatembea. Najua hilo ungeliuliza kwanza, hata kabla ya watoto. Tangu lilipovutwa kutoka kule mteremkoni lilikaa nyuma ya zizi, kuku wakatagia kwenye kiti chako, na mimi nikipita nageuza uso. Tluway amerudi kutoka gereji Arusha, amekupita urefu. Akalizunguka mara mbili, akasema, "Mama, injini nzima. Kilichokufa ni gia." Sasa mpaka wa Kenya umefunguliwa, vipuri vimeanza kuonekana, lakini yeye mkono wa gia aliupata kwenye lori bovu kule Baray.

Jumamosi akaanza kufungua lile boksi la bati katikati ya viti, maana gia inaingilia pale. Nati zilishika kutu. Akazimwagia mafuta ya taa, akangoja, akagonga. Mimi nimesimama mlangoni pa lori na kikombe cha chai, nasemasema. Mwanangu, bati hilo litakukata. Umekula lakini? Hilo jiwe chini ya tairi limekaa vizuri?

"Mama, kaa. Unaitetemesha spana."

Wewe unalijua boksi lile. Miaka yote lilikaa kati yetu. Gia ya pili ilikuwa inaruka, inachomoka yenyewe, na ikiruka kwenye mteremko wa Mto wa Mbu, una magunia nyuma, breki peke yake haiwezi. Vipuri hakuna. Ukanipakia mimi. "Shika hapa, kandamiza, usiachie mpaka nikuambie." Nikashika kwa mikono miwili, mguu mmoja kwenye boksi, nasali kwa sauti, na wewe unacheka. "Sali, utingo wangu, ila usifumbe macho." Tukifika chini viganja vimekufa ganzi. Ulikuwa unavisugua kwanza, ndipo unashuka kwenye lori. Hilo sijamwambia mtu.

Halafu ikaja ile safari ya mvua. Jioni, nyumbani, naangalia mkono: bangili ya shaba ya marehemu mama haipo. Nikasema nimeiacha kwenye hoteli ya Mto wa Mbu, pale tunaponawa. Wiki iliyofuata tukashuka tena, nikamwona yule mama wa hoteli ana bangili ya shaba mkononi, anakupa wali na anacheka na wewe. Sikula. Nikaenda kukaa kwenye lori. Njia nzima ya kurudi sikukujibu.

Unajua nilichosema siku ile ya mwisho. Magunia ya maharage yamepangwa, injini inanguruma, ukaniita, "Utingo, panda!" Majirani wapo. Nikasimama na ungo wangu nikasema, "Mwambie aliyevaa bangili akushikie gia."

Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka kidogo. Ukaniangalia, ukasema, "Haya, Mama Tluway. Leo itajishika yenyewe." Ukaondoka.

Yule kijana aliyepanda juu ya magunia alipona. Alisimulia hapa uani, watu wamejaa, kwamba aliinama akachungulia dirishani, akakuona usukani umeushika kwa mkono mmoja, wa pili umekandamiza gia. Mlipofika kwenye ile kona yenye akina mama wanaouza ndizi gia ikaruka, ukaligongesha lori ukingoni ili lisiwafikie. Nilisikia yote. Nikaendelea kupepeta maharage ambayo hayakuwa na takataka.

Basi, Jumamosi boksi likatoka. Tluway akaanza kukata yale matambara niliyofunga kwenye shina la gia, kuzuia vumbi na joto, pale mpira unaolifunika ulipochanika. Nilifunga kwa mikono yangu, siku ile ile ya mvua, tulipofika nyumbani, giza limeshaanza. Akakata, akainama kuchungulia. Akasema, "Mama, njoo uone. Gia imevaa bangili."

Hapo ndipo nilipokumbuka, Baba Tluway. Mteremkoni, siku ile ya mvua, bangili ilikuwa inanibana kati ya mkono na chuma. Niliivua, nikauvisha mkono wa gia ili isipotee, nikarudi kukandamiza. Ikateleza mpaka chini. Mimi mwenyewe nikaja kuifunika kwa matambara.

Kwa hiyo siku ile ulikuwa umeshika gia peke yako, na bangili iko pale pale chini ya kiganja chako.

Tluway aliniuliza, "Mbona unalia, si imepatikana?" Nikamwambia ni mafuta ya taa. Sijaweza kumwambia. Nimeona nikuambie wewe kwanza.

Jana alisema anakwenda kulijaribu, nikasema nakwenda. Mkono wa gia mpya umenyooka, mpira mzima, boksi limefungwa. Tulipofika juu ya mteremko mikono yangu ikaenda yenyewe.

"Mama, achia. Hii hairuki."

"Najua."

"Sasa nitabadilishaje gia?"

"Utaniambia."

Akaniangalia, akawa ananiambia. Tulishuka hivyo mpaka chini.

Niliingia hotelini kwa yule mama. Amezeeka kidogo, kama mimi. Nilimwomba radhi kwa mawazo mabaya niliyomwekea juu ya ile bangili yake. Akaketi, akanyoosha mkono. "Hii? Dada yangu, nilinunua mnadani. Ya kwako mumeo alikuja kuitafuta. Siku ile umenuna kwenye lori, yeye alikuwa hapa amepiga magoti, anapapasa chini ya meza. Nikamwambia muulize mkeo vizuri. Akasema, hapana, nikiipata kwanza ndipo ataongea na mimi."

Hukuniambia. Ningekusikia? Sijui. Nilikuwa nimeshaamua.

Sasa niongee na nani, Baba Tluway? Imepatikana.

Wakati wa kurudi niliivua bangili nikauvisha mkono wa gia, mahali pake. Mwanao akasema, "Mama, itapiga kelele."

Nikamwambia iache ipige. Ikapiga kelele mteremko mzima, na Rhotia yote, mpaka uani kwetu, na mimi sikuwa na usingizi wala hofu, nilikuwa nasikiliza tu.

Lala. Wanawake wa ndizi bado wapo pale kwenye kona, wanakutaja. Nisamehe neno lile.

Ni mimi utingo wako,
Mama Tluway