Risasi Nyepesi za Lempi

Verner,

Supu ya njegere iko jikoni, ipashe. ~~Usitufuate msituni.~~ Ukija, njoo polepole.

Zile risasi nzito ulizomnunulia binti yako nimeziacha kabatini. Asubuhi tulipojaribu shabaha, bunduki ilimpiga teke begani. Risasi ya pili Lempi akafumba macho kabla hajafyatua. Nimempa nyepesi. Kulungu haangushwi na kishindo, bwana mkubwa.

Nawe ulifumba hivyo hivyo siku yako ya kwanza. Ukamkosa kulungu, tukakukata pindo la shati kama ilivyo ada ya wawindaji kwa anayekosa, tukalipigilia misumari ukutani kambini na kulicheka miaka thelathini. Risasi nzito za siku ile nilikuchagulia mimi. Sikuwahi kukwambia.

Pindo lako nililing'oa jana. Liko chini ya karatasi hii.

Mama