Gari la Maharusi Lisipande Lushoto

Guangzhou, Jumatano

Mdogo wangu Athumani,

Kabla hujafika kwenye salamu, nenda kachukue funguo za gari la maharusi, popote zilipo, uzitie mfukoni, kisha urudi uendelee kusoma. Gari nililokutumia kutoka Uruguay si gari moja. Ni nusu mbili za magari mawili, zimeunganishwa katikati kwa kuchomelewa. Nimekuficha hilo tangu siku ulipolitoa bandarini ukanipigia simu huku unalia kwa furaha. Ningekufa nalo moyoni, lakini sasa binti yako Rukia anataka kulipanda kwenda Lushoto.

Sasa nikusalimu kama inavyopasa. Hujambo wewe, na shemeji yangu Mwanahawa hajambo? Presha yake imeshuka? Mama mdogo bado anakula mwenyewe, au mpaka alishwe? Mimi sina uzima wa kuusifia. Daktari wa hapa anasema moyo umetanuka na umechoka, na maji yamejaa miguuni hata viatu havinienei tena, natembea na ndara. Nikipanda ngazi chache nahema kama mtu aliyekimbizwa. Huu kwa Guangzhou ni mwezi wa unyevu: kuta zinatoka jasho, shuka hazikauki, na karatasi hii ninayokuandikia imelegea kama chapati. Ukiona wino umetapakaa usidhani yote ni machozi. Mengine ni ukuta.

Unakumbuka uliponipigia kuniambia Rukia amepata mchumba? Uliniagiza kitambaa cha viti vya gari. Ulisema, "Kaka, rangi ya krimu, kile kinachong'aa kidogo. Mwanao anaolewa, viti vile vya zamani vitamtia aibu." Nilifurahi sana. Nikamwomba Bi Saada, mama mmoja mfanyabiashara wa Dar anayefikia jengo hili, anipeleke Zhongda, lile soko la vitambaa ambalo ukiingia unaweza kutembea mpaka jua lizame na bado hujatoka. Alinikalisha juu ya jora la kitambaa kama mzigo. "Mzee, usiondoke hapa," akaniambia. "Nikikupoteza, kwenu watasema nimekuuza." Akazunguka yeye. Kila duka Wachina walimjibu "meiyou," yaani hakuna, naye akawa anawajibu kwa Kiswahili, "Kipo, hamtaki kuamka tu," mpaka akakipata.

Nilipokupigia kukuambia kimepatikana, ndipo ukasema lile neno. Ulilisema ukicheka.

"Na ule mlango wa nyuma, kaka, siku hizi mpaka uusukume kwa nyonga ndio ufunge. Shemejio anasema gari limekuwa na mikogo kama yeye."

Nikakuuliza, "Mlango upi?"

"Wa nyuma, upande wa dereva. Na wa pili nao umeanza. Bawaba tu hizo, nitazitia grisi."

Nikakaa kitandani na simu mkononi. Athumani, bawaba za milango miwili haziharibiki kwa pamoja. Milango ya nyuma ikikataa kufunga, yote miwili, maana yake sehemu inapoingia mlango imebadilika umbo. Gari linapinda katikati, kama kitanda ambacho chaga yake imeanza kuvunjika. Pale kwenye kiungo. Tangu siku hiyo silali vizuri. Simu ikilia na nikaona ni namba ya nyumbani, mkono unakataa kuipokea.

Nilikupigia tena nikiwa nimekusudia kukuambia. Ukaweka spika ili nyumba nzima inisikie. Nikasema, "Athumani, gari lisiende Lushoto."

"Kwa nini?"

"Limezeeka."

"Mbona na wewe umezeeka na tumekuacha unatembea Uchina?"

Mkacheka wote. Nikamsikia Mwanahawa akiita kutoka jikoni, "Shemeji, usituharibie! Watu wa Lushoto wameshaambiwa bibi harusi anapanda na gari la kifalme!" Na Rukia mwenyewe akasogea kwenye simu akaniambia kwa sauti yake ile ndogo, "Baba mkubwa, mimi nimekaa humo tangu nikiwa mtoto. Sitaki gari lingine." Nilicheka na mimi. Nikakata simu nikisingizia kadi imekwisha. Ndiyo maana nakuandikia. Agizo tupu umelikataa, basi huna budi kupata sababu yake.

Sikuwahi kukueleza vizuri biashara ile ya Uruguay. Nyumbani mlijua mimi mhandisi, na uhandisi nimesoma kweli, lakini nilipoacha kazi ya meli nikabaki Montevideo, kilichonilisha ni magari ya zamani. Ile ni nchi ndogo na watu wake hawatupi kitu. Gari jipya lilikuwa ghali mno kwao, kwa hiyo la babu lilitengenezwa likaendeshwa na baba, na baada ya baba likaendeshwa na mjukuu. Mimi nilizunguka mashambani nikibisha hodi. Mwenye nyumba anakukaribisha, anakupa mate, majani yao wanayokunywa kwa mrija kutoka kwenye kibuyu kimoja kinachopita mkono kwa mkono. Huruhusiwi kutaja gari mpaka kibuyu kimezunguka vya kutosha. Ukilitaja mapema umemtukana. Kisha anakupeleka bandani, na humo, chini ya magunia na mavi ya kuku, limo gari la miaka ya thelathini au hamsini, taa zake kubwa zinakutazama kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Mjane mmoja alikataa kuniuzia mpaka nilisukume gari kuzunguka uani, yeye akiwa ndani, kiti cha mbele, amevaa kofia yake ya kanisani. "Mume wangu maisha yake yote alinikalisha nyuma," akasema. "Sukuma, bwana, wala usiwe na haraka." Nilisukuma mpaka shati likanigandia mgongoni.

Nilinunua, nikasafisha, nikatengeneza, nikafungia kwenye makontena kwenda Ulaya, ambako matajiri waliyasubiri. La kwangu mwenyewe lilikuwa moja, jeusi, nikiliendesha Jumapili kando ya maji, na wazee wa Montevideo wakilivulia kofia. Raha ile, Athumani, ilinilevya. Baadaye nikaanza kuja huku Guangzhou kuchongesha vipuri ambavyo havipatikani tena duniani, mipira ya vioo, bampa za kung'aa, na mwisho nikabaki kabisa.

Adui wa biashara ile alikuwa kutu. Juu gari linaweza kung'aa kama kioo, ukilala chini yake ukakuta chasisi, ile mifupa ya chuma inayobeba kila kitu, imelika unaweza kuimega kwa vidole. Lako lilitokana na magari mawili ya aina moja. La kwanza lilikuwa zima mbele, nyuma limeliwa na kutu. La pili lilikuwa limegongwa mbele, nyuma zima. Fundi niliyekuwa nikimpa kazi, jina lake Nelson, aliyakata yote mawili akaunganisha nusu zilizo nzima. Mimi nilikuwa nimesafiri Argentina. Niliporudi lilikuwa limeshapakwa rangi, chini limesilibwa lami, na nafasi ya meli imeshalipiwa. Nililala chini yake na tochi, nikaona kovu. Nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa umeshautangazia mtaa mzima kwamba kaka analeta gari.

Nilijifariji. Nilisema Tanga ni tambarare, gari la harusi linakwenda mwendo wa matembezi, mbele yake kuna tarumbeta, halivuki mji. Hata hivyo kila msimu wa harusi ulipoanza niliogopa. Ulikuwa ukiniambia, "Leo tumembeba binti wa fulani," na mimi nikisema "Hongera" huku nahesabu kimoyomoyo nani amekaa wapi. Wasichana wa watu, Athumani. Watoto wa majirani zetu, wamepambwa, wamefukizwa udi, wamekaa juu ya kiungo kile.

Na sasa Lushoto, Jumamosi hii. Ile barabara ya kutoka Mombo unaijua, kona zake na makorongo yake. Ndani atakuwa Rukia, somo yake anayemfunda, na dada yetu Zainabu ambaye hakubali kuachwa. Ninavyowajua akina mama wetu, mwingine atajibana mlangoni akisema mimi mwembamba. Chasisi ile ikiachia haitatoa ilani. Katikati patashuka, na usukani hautakusikia tena. Naliona jambo hili nikifumba macho, na nikiyafumbua naliona bado. Nilidhani mtu akikaribia kufa anaogopa kaburi. Mimi naogopa Jumamosi.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimpe mtu funguo, hata kwa kulisogeza. Chukua patasi, ulale chini yake, ukwangue lami chini ya kiti cha mbele, upande wa nyuma wa kiti. Utaona mshono wa chuma, umevimba kama kidonda kilichopona vibaya. Nadhani umeshaanza kupasuka. Usilinyanyue kwa jeki katikati ukiwa chini yake, nakusihi. Na usimuuzie mtu, hata akikupigia magoti. Likatwe liwe chuma chakavu. Rukia mwambie lolote utakaloona linafaa, au mwambie ukweli. Apande hata lori la mkaa, afike kwa mumewe.

Bi Saada anaruka kesho asubuhi, akitua Dar anapitiliza kwa basi mpaka Tanga, na kitambaa anakileta pia, kwani nilishakinunua, shoneni mapazia. Nimemwambia barua hii asiitie kwenye mizigo, aiweke kwenye mkoba wa mkononi. Amekaa hapa mlangoni ananisubiri, anafunga marobota yake kwa selotepu, kelele zake zinapasua kichwa. Sasa hivi ameniuliza, "Mzee, hiyo barua ina nini hata unatokwa jasho hivyo? Wosia?"

Nikamwambia, "Ni habari ya gari."

"Gari! Wanaume nyie, roho inatoka na bado mnaongelea magari."

Kanisaidia kucheka kidogo. Ni mwanamke mwema, akifika mpikieni.

Nisalimie Mwanahawa, umwambie anisamehe kwa kumharibia sherehe, na ajue nilimsikia kila alilosema kutoka jikoni na lilinipendeza. Nisalimie dada Zainabu. Mimi na yeye tulinyonya ziwa moja, ataelewa au atanilaani, vyote ni haki yake. Nibusie mkono wa mama mdogo, hata kama hatakumbuka ni busu la nani. Nisalimie imamu wetu, aniombee nikiwa bado hai. Bwana harusi simjui, lakini mwambie mzee wa mkewe anamtakia heri. Na Rukia mwambie baba yake mkubwa hakukataa kumpamba. Aliogopa kumzika.

Nilitaka kutia jina langu hapo, nikashindwa. Nimesoma tena niliyoyaandika na nimeona kwamba hata sasa, pumzi zikiwa zimebaki hizi, nimekudanganya mahali pamoja. Naogopa kuliandika hili kuliko nilivyoogopa mengine yote, lakini Bi Saada amesimama na mkoba wake, na nisipoliandika sasa sitapata mkono mwingine wa kuliandika.

Sikuwa Argentina. Nilikuwa pale karakana. Siku ile lilikuwepo gari zima, aina hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo, nililokuwa nimemwekea mteja wa Ulaya. Nelson alilipiga bega kwa kiganja akaniuliza, "Hili ndilo la ndugu yako?" Nikamwambia, "Hapana, la ndugu yangu litatoka kwenye yale mawili." Akauliza akate wapi. Mimi Idrisa, kaka yako wa tumbo moja, nilichukua chaki, nikapiga magoti, nikamchorea mstari.