Ajali ya Kabichi na Kosa Lisilo na Mwenyewe

Jumanne, 5 Juni 2001

Leo nimegonga gari la mtu. Naandika hapa kwa sababu hapa hapana polisi.

Nilikuwa nashuka soko la Butembo na kabichi za Masereka, Hilux imejaa mpaka juu. Kwenye njia panda nikamwona Florentine, muuza vitenge, amevaa pagne ya kijani — ile ile aliyoniapia kwamba imekwisha dukani kwake. Nikamkazia macho. Nilipogeuka, Corolla nyeupe ilikuwa mbele yangu. Pa! Kabichi zikateremka mtaa mzima. Watu walinisaidia kuziokota. Wengine walizisaidia mpaka nyumbani kwao.

Mwenye Corolla ni Monsieur Josaphat, agronome, bwana shamba wa serikali, mtu wa Kasai, mgeni huku kwetu. Tangu vita vianze mshahara wake haujapata njia ya kutoka Kinshasa. Anakula kwa kubeba abiria wa Beni. Mkewe Séphora alikuwa ndani, amepata nundu kwenye paji la uso. Polisi alipouliza, nikasikia mdomo wangu ukisema: huyu alikuja mbio sana. Josaphat akasema hapana, njia ilikuwa yake.

Ilikuwa yake kweli.

Jumatano, 6 Juni

Nimempelekea Séphora kuku, kumpa pole. Kwetu mtu akiumia huendi mikono mitupu. Alishangaa, hakujua atuweke wapi, mimi na kuku. Josaphat alinisalimia kwa ubaridi, lakini kiti alinipa.

Ijumaa, 8 Juni

Bureau ya assurance, ofisi ya bima. Gari zetu zote mbili zimeandikishwa hapo, kwa Zacharie. Alisoma maelezo yangu, akasoma ya Josaphat, akavua miwani. Halafu akaandika kwa wino mwekundu: en litige.

Maana yake? Ugomvi haujaamuliwa. Zamani ugomvi wa namna hii ulipelekwa Kinshasa, wakubwa wakaamua. Sasa vita vimekata njia, hapana wa kuamua. "Mpaka mutapatana, kwangu bote muko hatari," alisema. "Prime, feza ya assurance, itapanda nusu, kwako na kwake, kila mwaka."

Nikauliza: hata kwa asiye na kosa?

"Mama Émérance, ule asiye na kosa miye simujue bado. Mwenye kosa asaini, yake ipande, ya mwenzake irudi chini."

Halafu akaniuliza habari za kuku. Mji huu! "Mutu hapelekake kuku ya bure," akasema. Nikamjibu kuku ni ya nundu, si ya gari. Akaandika na hilo. Kuku wangu sasa yuko kwenye dossier, faili la ajali.

Jumatatu, 18 Juni

Nimetoka Beni. Barrière tatu za kuzuia magari, na kila moja askari wanadai karatasi ya assurance kabla ya salamu. Bila prime hakuna karatasi, bila karatasi gari linalala. Prime ikipanda, kabichi zitakuwa zinanitumikisha mimi. Nitauza Hilux, nitarudi kubeba mgongoni kama mama yangu, na mgongo huu umeshazoea kiti. Nacheka, lakini naogopa.

Karibu na Beni nilipishana na Corolla. Watu saba ndani, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba. Josaphat akanipungia mkono. Nikapiga honi, kwa adabu, nikaona haya mpaka nyumbani. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imefika Beni na kurudi.

Jumatano, 27 Juni

Kwa Zacharie, saa nne asubuhi. Naandika magotini.

Josaphat amekuja na Séphora. Sijakaa vizuri, akaanza. "Monsieur Zacharie, andika kosa ni yangu. Pengine nilikuwa mbio, sijue tena. Miaka tano tuko hapa, huyu mama ni wa kwanza kuingia kwetu na kuku. Mutu wa namna ile hawezi kusema bongo, hawezi kudanganya." Séphora akaitikia kwa kichwa.

Zacharie hakungoja asikie mara mbili. Karatasi ikatoka. Josaphat ametia saini, jina zima, mwandiko mzuri wa mtu wa shule.

Basi imekwisha. Prime yangu inarudi chini. Yake inapanda, na abiria wake hawalipi kwa dola. Wiki mbili nimesali rozari kwa ajili ya jambo hili hili, nikitaja mpaka jina lake ili Bikira asikosee. Nimepata. Mbona nasikia vibaya?

Zacharie ametoka, mhuri uko kwa mwenzake ng'ambo ya korido. Josaphat ameniuliza naandika nini. Nikasema hesabu ya kabichi. Akamwambia mkewe: unaona, mama wa bidii.

Kumbe nikinyamaza tu, imetosha. Kunyamaza si kusema uongo. Ni mdomo umefungwa, basi — kila mtu hufunga mdomo.

Séphora amenisogezea karatasi. Nundu imepona, imebaki alama ndogo. Nafasi ya saini yangu iko chini ya neno "aliyegongwa".

Viatu vya Zacharie vinarudi kwenye korido. Nimemwita Josaphat kwa jina, bila Monsieur. Amegeuka, anacheka bado. Nimemwambia asubiri kidogo, nina neno juu ya ile njia panda, na Séphora akae kwanza.