Tamanda Ameapishwa Kuwa Jaji wa Rufaa

Kambi ya Dzaleka, Malawi, Ijumaa

Na bado sijavua nguo za kutokea, furaha imenijaa. Tamanda ni jaji wa Mahakama ya Rufaa! Nimemuona akiapa leo Lilongwe, kwa macho yangu, mi mshonaji wa hapa kambini.

Nilikuwa na woga. Mlinzi wa mlango wa mahakama aliangalia karatasi yangu ya ukimbizi kwa muda mrefu, nikajua atanirudisha. Kisha akasema kwa Kichewa, "Pitani, amayi," yaani pita, mama.

Tamanda ni Mmalawi; alipokuwa avoka mchanga, wakili wa kututetea, kesi yake ya kwanza ilikuwa yangu. Mwenye nyumba niliyopanga zamani kule Chinsapo, Lilongwe, alikuwa amenifungia mashini ya kushona, akasema ni yake. Tulishindwa. Tamanda akalia nje ya mahakama, akataka kuacha kazi. Nikamuuliza, "Binti yangu, hakuna mahakama ingine juu ya hii?" Tukakata rufaa, mashini ikarudi. Yeye akawa hakimu, halafu jaji wa Mahakama Kuu, na sasa ni wa Rufaa!

Batoto bangu wa kuzaa, sijui kama nchi hii itawaruhusu kufika hata mlangoni mwa kazi kama ile. Hilo linaniuma. Lakini leo...

Baada ya kiapo alikuja na joho lake, akapita batu bakubwa wote, akanikumbatia. Akasema kwa Kiswahili alichojifunza kwetu, "Mama, sasa bale balioshindwa njo batakuja kwangu."

Nikamwambia, "Ubasikilize mpaka mwisho."

Halafu nikapiga vigelegele, mulemule mahakamani.